Sura ya Tano: Kuhesabu Zamu

Guka alikuwa na miti ya kahawa kama mia tatu kwenye mteremko wa Tetu, upande wa Nyeri unaotazamana na Nyandarua. Mmoja ulisimama kando ya njia ya kuteremkia mtoni, na msimu ule ulikuwa umetutupa. Majani yaling'aa, matawi yalikuwa mazima, ila buni zenyewe zilihesabika kwa vidole. Nilikuwa darasa la sita. Nilikuwa nimeuzunguka mti ule mara tatu na ndoo haikuwa imefunikwa hata chini.

"Guka, huu tuukate," nikasema.

"Mwaka jana ulitupa ndoo ngapi?"

Sikukumbuka.

"Mimi nakumbuka. Hesabu kwanza, mjukuu wangu, panga baadaye."

Mwaka uliofuata matawi yake yaliinama. Mkulima yeyote wa kahawa kuanzia Othaya hadi Karatina anaijua tabia hiyo. Mti uliozaa kupita kiasi hujimaliza, kisha hupumzika msimu mzima ukiota matawi mapya. Anayeung'oa kwa kuangalia msimu mmoja anapoteza mti na mavuno yaliyokuwa njiani.

Nimeyabeba maneno ya guka hadi kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona: michezo ya kupiga mpira kwa gongo. Besiboli, kriketi, na raunda ya wasichana wa shule zetu ni watoto wa ukoo mmoja. Mtu anasimama peke yake, mwingine anamrushia mpira, na kwa muda usiofika sekunde moja anaamua apige au auache upite. Na yote mitatu ina ugonjwa mmoja ambao waandishi wetu wa spoti, wakizungumzia kandanda, huuita ukame. Mpigaji aliyekuwa akipiga haupati tena mpira. Leo hapati, kesho hapati, wiki inakwisha. Mashabiki wanaguna. Kocha anakaa usiku na karatasi yake ya majina, akimtoa huyu, akimshusha yule.

Ukame uliozungumzwa kuliko mingi ni wa Gil Hodges wa Brooklyn Dodgers, mwaka 1952. Kwa asiyeijua besiboli: timu ina wapigaji 9, wanapiga kwa zamu kwa orodha iliyopangwa kabla ya mchezo, na wa 9 akimaliza wanaanza tena na wa 1. Mpigaji anayeupiga mpira akafika kituo cha kwanza kwa nguvu ya pigo lake mwenyewe, kabla ya kuondolewa, huandikiwa pigo la salama. Mpigaji hodari anapata mapigo kama hayo 3 katika kila zamu 10. Nitarudia hapo, maana ndipo wengi wanapopotelea: mtu anayeshindwa mara 7 katika 10 ni hodari.

Hodges alikuwa mmoja wa hao. Zikaja fainali dhidi ya Yankees, mechi 7, naye akapata zamu 21 za kupiga bila pigo la salama hata moja. Brooklyn ikapoteza taji katika mechi ya 7. Kocha Charlie Dressen hakumtoa katika fainali zile; alimchezesha zote. Msimu wa 1953 nao ukaanza vibaya, hadi siku moja ya joto kasisi mmoja wa Brooklyn, Padre Herbert Redmond, akawaambia waumini kwamba jua ni kali mno kwa mahubiri, waende nyumbani, washike amri za Mungu na wamwombee Gil Hodges. Watu walimpenda kiasi hicho. Alimaliza msimu huo akiwa na wastani wa .302, yaani zaidi ya mapigo 3 katika zamu 10, na katika fainali za mwaka huohuo, dhidi ya Yankees walewale, akapata .364.

Ni rahisi kusema maombi yalisikika, na mimi si mtu wa kudharau maombi. Lakini hebu tufanye hesabu ambayo guka angeifanya.

Chukua mpigaji mzima, asiye na jeraha wala mawazo, anayepata pigo la salama mara 1 katika kila zamu 4. Ana uwezekano gani wa kukosa zamu 10 mfululizo bila kosa lolote jipya, kwa bahati tu? Unazidisha robo tatu kwa robo tatu mara 10, unapata kama 6 katika 100. Ni kidogo. Sasa chukua timu nzima ya wapigaji 9 wa namna hiyo, kila mmoja na zamu zake 10. Uwezekano kwamba angalau mmoja wao atatoka mikono mitupu ni kama 4 katika 10. Kwa maneno mengine, karibu katika kila kipindi cha pili au cha tatu cha zamu 10 kutakuwa na mtu mmoja kwenye timu yako anayeonekana amelogwa, naye hana tatizo lolote. Zamu 21 kama za Hodges ni nadra zaidi, kama mara 2 katika 1,000. Lakini ligi kubwa ina mamia ya wapigaji, kila mmoja na vipindi vingi vya zamu 21 kila msimu, mwaka baada ya mwaka. Lazima imwangukie mtu, na siku moja imwangukie kwenye fainali, mbele ya macho ya nchi nzima.

Hesabu hii niliijua nikiwa nimechelewa. Kwa miaka miwili nilikuwa mlezi wa timu ya raunda ya wasichana katika shule moja ya Nyeri. Tulikuwa na msichana mwembamba aliyeupiga mpira hadi ng'ambo ya mifereji ya jikoni wakati wa mazoezi. Mashindano ya tarafa yalipofika, hakupiga kitu. Mechi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu hakuna. Nikamweka kando, nikamwita mwingine, na nikamwambia mbele ya wenzake kwamba mashindano yanataka moyo. Muhula uliofuata hakurudi uwanjani. Miaka mingi baadaye nilikuta daftari la mechi zile kwenye sanduku. Alikuwa amepata zamu 7. Mpigaji wa robo, yule wa hesabu yetu, hukosa zamu 7 mfululizo mara 13 katika 100. Nilikuwa nimemhukumu mtoto moyo wake kwa ushahidi ambao hakimu wa kijiji angeukataa.

Hapa kuna mtego, na sitaki kumwingiza msomaji ndani yake. Kuna ukame wa bahati, na kuna mti uliokufa mizizi. Chris Davis wa Baltimore Orioles alikuwa mmoja wa wapigaji wenye nguvu kuliko wote Marekani, na klabu yake ikampa mkataba wa dola milioni 161 kwa miaka 7. Kati ya Septemba 2018 na Aprili 2019 alipitia zamu 54 za kupiga bila pigo la salama, rekodi mbaya kuliko zote kwa mchezaji asiye mrushaji. Tarehe 13 Aprili 2019, jijini Boston, hatimaye alilipata moja. Lakini hakurudi kuwa yule wa zamani, na 2021 akastaafu. Tofauti yake na Hodges haimo katika zile 54. Imo katika miaka iliyotangulia: .221 mwaka 2016, .215 mwaka 2017, .168 mwaka 2018. Mteremko huo ulikuwa umeandikwa katika mamia ya zamu kabla ya vigelegele vya dhihaka kuanza. Ndoo za mwaka juzi, za jana na za leo, zote zikipungua, ndizo zinazomruhusu mkulima ashike panga.

Na orodha yenyewe, ile inayomnyima kocha usingizi? Katika besiboli ina uzito mdogo kuliko kelele zake. Msimu wa ligi kuu ya Marekani una mechi 162. Kwa kuwa zamu zinazunguka watu 9, kila nafasi kwenye orodha hupata takriban zamu 18 zaidi ya nafasi inayoifuata kwa msimu mzima. Ni 162 kugawanya kwa 9. Kumshusha mtu kutoka nafasi ya 3 hadi ya 6 kunamnyima kama zamu 54 katika miezi sita. Ni jambo la maana, ila si muujiza. Kocha anayepangua orodha kila asubuhi anafanya hivyo ili aonekane anafanya kitu, na ninamwelewa, maana kukaa kimya timu ikishindwa kunahitaji ujasiri ambao mimi sikuwa nao.

Kriketi ni habari nyingine. Huko anayetangulia anakutana na mpira mpya, mgumu, unaoruka na kupinda. Anayekuja wa 5 anakuta mpira umelainika na warushaji wamechoka. Anayekuja wa 8 huenda asipate nafasi kabisa, au aingie ova, yale mafungu ya mipira yanayopimia mchezo, zikiwa zimebaki mbili. Nafasi kwenye orodha inaamua mtu atakuwa nani. Ushahidi wa kutisha kuliko wote ulitokea hapa nyumbani, Nairobi Gymkhana, tarehe 4 Oktoba 1996. Pakistan ilikuwa imeleta kijana aliyeandikwa umri wa miaka 16, Shahid Afridi, kwa ajili ya kurusha mipira ya kuzungusha. Hakuwa amewahi kupiga katika mechi ya kimataifa. Dhidi ya Sri Lanka wakampandisha hadi nafasi ya 3, na katika hewa nyepesi ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 akafikisha mikimbio, yaani alama za mpigaji, 100 kwa mipira 37. Rekodi hiyo ilidumu hadi siku ya kwanza ya mwaka 2014. Mtu mmoja alibadilisha mstari mmoja wa karatasi, na maisha ya kijana yakageuka.

Miezi saba kabla ya hapo, tarehe 29 Februari, Kenya yetu ilikuwa imeishangaza dunia kule Pune, India. Wengi wanakumbuka kwamba tuliifunga West Indies ya Brian Lara katika Kombe la Dunia. Wachache wanakumbuka jinsi tulivyopiga siku ile: vibaya. Tulipata mikimbio 166 tu, na hakuna mpigaji wetu hata mmoja aliyefika 30. Kwa kipimo cha daftari, ulikuwa ukame wa timu nzima. Ila warushaji wakiongozwa na nahodha Maurice Odumbe wakawaondoa West Indies kwa 93, na hakuna aliyeuliza kuhusu orodha ya wapigaji. Siku 6 baadaye, Kandy, wapigaji walewale wakapata 254 dhidi ya Sri Lanka, Steve Tikolo peke yake akipata 96. Tumshukuru Mungu hakuna aliyeshika panga Pune. Oktoba 1997, Nairobi, Dipak Chudasama na Kennedy Otieno walifungua dhidi ya Bangladesh kwa ushirikiano wa 225; Chudasama 122, Otieno 144. Mei 1998 tukaifunga India kwao Gwalior. Mwaka 2003 tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, timu pekee isiyo na hadhi ya Test, daraja la juu la kriketi, kuwahi kufika hapo.

Halafu mvua ikakatika.

Watu wa kriketi hupenda kusema wapigaji wetu walizeeka, au kwamba vijana hawakuwa na kipaji. Mimi nasema tuhesabu zamu. Baada ya 2003, timu iliyokuwa imetoka nusu fainali ilicheza mechi 2 tu za kimataifa za siku moja katika mwaka mzima wa 2004. Mwaka 2005 haikucheza hata moja. Nchi kubwa hazikutualika, wachezaji na chama chao wakavutana juu ya malipo hadi mgomo, chama chenyewe kikaporomoka na kingine, Cricket Kenya, kikaundwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 17 siku ya nusu fainali alifika 20 bila kuona mpira wa kasi wa kimataifa. Ndipo linapokuja jambo linaloniuma kuliko mengine katika sura hii. Dressen aliweza kumsubiri Hodges kwa sababu mbele yake kulikuwa na mamia ya zamu. Uvumilivu ni mali ya mwenye mechi nyingi. Timu yenye mechi 2 kwa mwaka haiwezi hata kujua kama mpigaji wake ana ukame wa bahati au amekufa mizizi; kila zamu inakuwa fainali, kila kosa hukumu.

Matokeo yalionekana Kombe la Dunia la 2011. Tarehe 20 Februari, Chennai, dhidi ya New Zealand, Kenya yote iliondolewa kwa mikimbio 69 katika ova 23 na mipira 5. New Zealand walizifuta kwa ova 8 bila kupoteza mtu. Siku 3 baadaye, dhidi ya Pakistan, 112. Timu haikushinda hata mechi moja kati ya 6, na mwanzoni mwa 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Mashabiki waliotaka orodha ipanguliwe hawakukosea kukasirika. Lakini ungewapanga vipi watu 11 wenye njaa ya miaka 7 ili washibe?

Ukitoka Nyeri ukapita Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, ukauvuka mstari wa ikweta na kushika barabara ya Doldol, mlima unakuzibia mvua. Nyasi zinageuka rangi, miiba inaanza, na unafika Il Polei. Huko ndiko walikotoka Maasai Cricket Warriors, vijana wa Laikipia waliojifunza kriketi ukubwani na kuicheza wakiwa na shuka na shanga zao. Walichukua mchezo huo kama jukwaa la kuwakataza wazee na rika zao ukeketaji na ndoa za wasichana wadogo, na nahodha wao, Sonyanga Ole Ngais, amelisema hilo mbele ya kamera za dunia. Walifika Cape Town mwaka 2012 na Uingereza 2013 kwenye mashindano ya Last Man Stands. Mwaka 2015 walicheza ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, pembeni mwa Nanyuki, katika mchezo wa kuchangia vifaru weupe wa kaskazini, enzi Sudan, dume wa mwisho, alipokuwa bado hai.

Ninawataja kwa sababu ya kanuni moja ya mashindano waliyoyachagua. Timu ni watu 8, na katika kriketi ya kawaida mpigaji wa mwisho akibaki bila mwenzake, kazi imekwisha, hata kama alikuwa anapiga vizuri. Katika Last Man Stands wa mwisho anaendelea peke yake. Ova zikiwepo, zamu yake ipo. Kwa vijana wanaosafiri kutwa nzima kutafuta mpinzani, na ambao mechi zao za mwaka mzima zingeingia katika wiki chache za Mmarekani, sijui kanuni iliyo ya haki kuliko hiyo. Laiti ningeijua nikiwa na daftari langu la raunda.

Na sasa nimrudie mtu niliyemruka makusudi. Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, kijana mrefu aitwaye Collins Obuya, mdogo wake Kennedy Otieno, alirusha mipira ya kuzungusha na kuwaondoa Sri Lanka 5 kwa mikimbio 24. Tulishinda. Alikuwa mrushaji, kwenye orodha ya wapigaji jina lake lilikaa chini. Klabu ya Warwickshire ya Uingereza ikamchukua. Kisha mpira wake ukakataa kuzunguka kama zamani, na kwa hesabu za haraka kazi yake ilikuwa imekwisha akiwa bado kijana. Lakini kuna waliomwona akipiga, wakampa zamu. Akapanda orodha hatua kwa hatua, miaka ileile ya njaa, hadi akawa anaingia nafasi ya 4, na katika Kombe la Dunia la 2011, timu ikiporomoka pande zote, ndiye aliyesimama. Dhidi ya Sri Lanka, Colombo, wawili wakiwa wameshaondolewa kwa mikimbio 8 tu, yeye na ndugu yake David walijenga 94.

Tarehe 13 Machi, Bangalore, Australia waliweka 324. Obuya aliingia mapema kama kawaida yake, akawatazama Brett Lee na Shaun Tait wakikimbia kumjia, na akakaa. Tanmay Mishra akakaa naye, wakaongeza 115. Hawakuwa na matumaini ya kushinda, na kila mtu uwanjani alilijua hilo, lakini ova ziliendelea na yeye akaendelea. Hakuna Mkenya aliyekuwa amewahi kufikisha mikimbio 100 katika Kombe la Dunia. Alicheza mipira 129. Ova ya 50 ilipokwisha Kenya ilikuwa na 264, watu 6 walikuwa wameondolewa, na Collins Obuya alikuwa amesimama na gongo lake mkononi, akiwa na 98.